Mama Usipepese

Ukienda kliniki ile ya macho asubuhi, kabla hujafika kwa daktari utasikia sauti ya mwanamke kutoka chumba cha mwisho wa korido. "Kidevu hapo. Paji la uso lisogeze mbele. Tazama taa ya kijani. Usipepese." Sauti yenyewe haina ukali, ila haina mzaha pia. Kisha mwanga mweupe unawaka ghafla, na mgonjwa anatoka akipapasa ukuta, akicheka peke yake kwa aibu ya kutoona anakokwenda. Wagonjwa ndio waliompa jina la Mama Usipepese. Jina likamganda, wenzake kazini nao wakalidaka, na mwenyewe akachoka kulikataa.

Neno lile alilirithi kwa baba yake. Mzee alikuwa mpiga picha, mwenye studio ya chumba kimoja: pazia lililochorwa bustani, benchi, taa mbili za miguu mirefu, na nyuma ya pazia chumba cha giza chenye balbu nyekundu. Humo ndimo walimokulia yeye na kaka yake. Baada ya shule kaka alitikisa sinia la dawa, polepole, ili picha ijitokeze kwenye karatasi bila mabaka. Dada ndiye aliyeinama karibu na sinia, kwa sababu kaka, pamoja na ukubwa wake wote, aliogopa giza na hakutaka kusogeza uso.

"Imetoka?" kaka aliuliza kila mara.

"Bado."

"Imetoka?"

"Imetoka, kaka. Acha woga."

Mzee alikuwa na sheria moja ambayo hakumpindishia mtu yeyote: picha mbaya haitoki studio. Mteja akipepesa macho, au sura ikija na ukungu, Mzee aliichana picha hapo hapo chumba cha giza, kabla mtu mwingine hajaiona, kisha akamwita mteja akae upya. Alisema mteja akipewa picha yenye ukungu hatakubali kwamba alipepesa. Atasema mpiga picha hajui kazi. Binti yake aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Akajifunza na kusafisha picha kwa penseli iliyochongwa ikachongeka, akitoa doa la vumbi hapa na mkwaruzo pale, mpaka mtu aliyeingia studio na chunusi akatoka bila hata moja.

Kaka yeye picha hazikumkaa rohoni. Alilipenda pazia kuliko kamera, akawa analigeuza nyuma kutazama lilivyoshonwa. Mwishowe akaenda kujifunza kushona, akawa fundi cherehani wa makoti na suti, ambaye wateja walimsubiri hata alipowazungusha na njoo kesho, njoo keshokutwa. Dada alibaki na studio hadi simu za kamera zilipoingia kila mfukoni, na watu wakaanza kujipiga wenyewe bila kuambiwa wasipepese. Alifunga mlango wa studio bila kelele, akakaa nyumbani akiwa amenuna kama mtu aliyeibiwa.

Kliniki ilipopata kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho, walitafuta mtu mwenye mkono uliotulia, wakampata yeye. Badala ya sura za watu sasa alipiga retina, ule utando mwembamba ndani kabisa ya jicho unaopokea mwanga: duara la rangi ya chungwa, na mishipa midogo ya damu imetawanyika ndani yake kama mizizi. Akaipenda kazi ile. Humo ndani hakuna anayekunja uso wala anayeomba apunguzwe unene.

Baadaye ikaja programu ya kompyuta ya kutambua ugonjwa wa macho unaoletwa na kisukari. Wagonjwa wa sukari walikuwa wengi, na daktari alikuwa mmoja tu, mama mpole ambaye chai yake ilipoa kila siku bila kunywewa. Kompyuta ingepitia picha za wote na kumwonyesha daktari wa kuwahiwa ni nani. Lakini kompyuta hailishwi picha mbichi. Lazima picha iandaliwe kwanza, na maandalizi hayo yakawa mikononi mwa Mama Usipepese, mchana kutwa mbele ya kioo cha kompyuta, miwani imemshuka hadi ncha ya pua.

Alianza kwa kufuta jina la mgonjwa na kuweka namba. Kisha alikata weusi wa pembeni, libaki duara tupu, na maduara yote akayaleta kwenye kipimo kimoja. Akasawazisha mwanga, maana kamera humulika zaidi katikati na kuacha kingo gizani. Halafu akazitenga rangi: nyekundu kando, bluu kando, akabaki na kijani peke yake, kwa sababu ndani ya kijani damu huonekana nyeusi, na hata tone dogo lililovuja kwenye mshipa halina pa kujificha. Alipoimaliza, picha ilikuwa safi kiasi kwamba Mzee angeiweka dirishani.

Na zile zilizokuja na ukungu alizitupa. Kulikuwa na mahali pake ndani ya kompyuta, mahali ambapo wenyewe walipaita Jalala. Mgonjwa ambaye jicho lake moja limesomeka, majibu yake yalitoka kwa jicho hilo, na la pili lilingoja kupigwa tena zamu nyingine ya kliniki, miezi mbele. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa. Bwana wa kompyuta, aliyekuja kila mwezi kukagua programu, alipita mezani kwake akiwa ametabasamu masikio kwa masikio.

"Mama, mashine yetu inafaulu ajabu. Ni kwa sababu yako. Hujaniletea picha chafu hata moja."

"Picha mbaya haitoki kwangu," alijibu, na siku hiyo alirudi nyumbani kifua mbele.

Kaka alifika kliniki baada ya mkewe kumbembeleza mpaka sauti ikamkauka. Sukari alikuwa nayo miaka mingi, na alikaa nayo kama mtu anavyokaa na mgeni asiyeaga: anamlalamikia, lakini hamtoi. Aliingia chumba cha mwisho wa korido huku kipimo cha utepe kikining'inia shingoni, maana hata siku ya kwenda hospitali alikisahau hapo.

"Mdogo wangu, kumbe huku ndiko unakotesea watu?"

"Kaa, kaka. Kidevu hapo. Usipepese."

Jicho la kulia lilitoka vizuri, mishipa yote imejipanga. La kushoto likaja na ukungu, kijivu kimelifunika duara karibu lote.

"Umepepesa," alisema.

"Sijapepesa."

"Kaka, mimi nimezaliwa kwenye kamera. Umepepesa. Turudie."

Wakarudia. Ukungu ukawa ule ule.

"Labda ni zile nyuzi," kaka alisema, akilifikicha jicho. "Siku hizi naona uzi mweusi unaelea mbele yangu. Nikitaka kuushika, haushikiki. Wifi yako ananicheka, anasema napigana na hewa."

"Umeshinda na nyuzi tangu ujana, sasa zimekupanda hadi kichwani."

Wakacheka wote wawili. Nje foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mtoto wa mtu alikuwa analia. Akamwachia aende.

Mchana alipoketi kuandaa picha, jicho la kulia la kaka yake alilikata, akalisawazisha, akalitenga rangi kwa utulivu wa kawaida. Mashine ikalipitia na kusema halina dalili za hatari. La kushoto alilitazama mara moja tu. Alivuta picha hadi Jalala na kidole hakikusita, tena moyoni alikuwa akimlaumu kaka mtu mzima anayeshindwa kutuliza kope kama mtoto.

Mwisho wa wiki alipita kwenye kibanda cha kaka cha kushonea. Kaka alikuwa ameinama juu ya cherehani, mguu unakanyaga, kitambaa kinakimbia chini ya sindano.

"Majibu yametoka, kaka. Uko salama."

"Macho yote mawili?"

"Nimekwambia uko salama. Mashine ile haikosei."

Kaka akashusha pumzi, akamwita mke wake aliyekuwa nyuma, akamwambia, "Umesikia? Umenisumbua bure." Maneno hayo Mama Usipepese alikuja kuyakumbuka mara nyingi, na mahali alipokuwa amesimama alipoyasikia, na jinsi alivyokuwa amejaa furaha.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, kabla hajafungua chumba chake, alimkuta wifi yake amesimama korido na koti amelikunjia mkononi.

"Wifi, tazama kazi ya kaka yako."

Alilipokea. Lilikuwa koti la mteja, limeshapigwa pasi tayari kuchukuliwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshonwa ndani nje, bitana inang'aa mbele za watu. Kaka, ambaye mshono ukipinda unene wa kucha aliufumua wote, alikuwa amelitundika koti lile na kuliita limekwisha.

"Alipoonyeshwa akasema amechoka," wifi alisema. "Lakini si uchovu, wifi. Anamimina chai pembeni ya kikombe. Nikimjia upande ule anashtuka. Nilidhani ameanza kunywa, Mungu anisamehe, nikawa namnusa."

Mama Usipepese hakungoja zamu ya kliniki. Alimkuta kaka kibandani, akamwambia azibe jicho la kulia kwa kiganja.

"Unaniona?"

Kaka aligeuza uso huku na huku. "Naona moshi."

"Tangu lini?"

"Muda tu." Akakiondoa kiganja. "Si ulisema niko salama? Nikajua ni uzee unanipigia hodi."

Daktari alimchunguza siku hiyo hiyo kwa taa yake mwenyewe, kwa muda mrefu, mpaka wifi akaanza kuvuta ncha za mtandio. Kisha akazima taa na kusema pole pole kwamba damu imevuja ndani ya jicho la kushoto, na si jana wala juzi. Ile damu iliacha utando, utando ukaivuta retina, na sasa retina imebanduka. Akamgeukia Mama Usipepese.

"Alipigwa picha?"

"Nilimpiga mwenyewe."

"Ya jicho hili iko wapi?"

"Ilikuwa mbaya, daktari. Ilikuwa na ukungu. Niliitupa."

Daktari aliikunja miwani yake, akaikunjua. "Haikuwa mbaya ile picha," alisema. "Ukungu ule ndiyo damu yenyewe."

Miaka yote hiyo Mama Usipepese aliamini ukungu una sababu mbili: ama aliyekaa mbele ya kamera amepepesa, ama aliyesimama nyuma yake amekosea. Katika studio ya Mzee hapakuwa na sababu ya tatu. Watu walikuja pale wakiwa wazima, wamevaa nguo zao nzuri, na picha ikiharibika wanakaa tena kesho.

"Na mimi sikuuliza," daktari aliongeza, kwa sauti ya chini. "Naletewa picha safi kila siku. Sikuuliza nyingine zinakwenda wapi."

Walimpasua kaka. Jicho la kushoto lilikuwa limechelewa. La kulia lilipigwa mionzi ya leza kuziba mishipa iliyokuwa imeanza kudhoofika, na daktari akasema kwamba wakiliangalia kwa karibu, atabaki nalo. Hilo moja ndilo walilotoka nalo.

Mama Usipepese angeweza kukaa kimya. Kaka hakujua picha zinakwendaje, na hakuna mtu kliniki aliyekuwa na haja ya kumweleza. Lakini alikaa kitandani kwa kaka, siku bandeji ingali usoni, akamwambia yote: kwamba picha ilionyesha, kwamba aliiona kwa macho yake, kwamba aliitupa, kisha akaja kumwambia yuko salama.

Kaka alikuwa anapapasa pindo la shuka kwa vidole, anahesabu mshono bila kujua.

"Ungesema tu hujui," alisema mwishowe.

"Kaka..."

"Ungeniambia, kaka, jicho moja sijaliona. Basi. Ningekwenda kwingine. Nilikuuliza macho yote mawili, ukanikata kauli." Akageukia ukutani. "Nenda nyumbani, mdogo wangu. Leo sina maneno mengine."

Majuma yaliyofuata salamu zake zilipitia kwa wifi, na zilikuwa fupi. Mama Usipepese hakulala vizuri, akakonda, kazini akawa anasema "usipepese" kwa sauti ambayo wagonjwa walilazimika kuitegea sikio. Aliumia, na alijua ameumiza zaidi ya alivyoumia, kwa hiyo hakumlilia mtu.

Alichofanya ni kulifungua Jalala. Alizirudisha picha zile kwenye kioo, moja baada ya nyingine, maduara ya kijivu ambayo zamani aliyatazama mara moja tu. Nyingine zilikuwa za kupepesa kweli: kivuli cha kope kilionekana wazi kwa chini, hizo alizitambua hata kwa kupita. Lakini nyingine hazikuwa na kope. Palikuwa na weupe wa maziwa wa mtoto wa jicho. Palikuwa na wingu zito lililoanzia chini na kupanda, na sasa alijua wingu lile ni nini. Mashine ya kutafuta wagonjwa alikuwa akiilisha macho yenye nafuu, na waliozidiwa alikuwa akiwazoa na kuwamwaga nje. Alilia hapo, mbele ya kioo, mlango ukiwa wazi.

Daktari alizipitia pamoja naye kila mchana, chai ikipoa kama kawaida, na muuguzi akawa anawapigia watu simu. Wengine walikuja na wakawahiwa. Wengine walisema jicho lile walishalikatia tamaa, wanashukuru kwa kukumbukwa. Simu moja ilipokewa na binti, akasema baba siku hizi hatoki peke yake, kisha akauliza, bila hasira yoyote, kwani mlikuwa mnataka nini.

Bwana wa kompyuta alipokuja na kusikia, tabasamu lilimtoka.

"Mama, tukiingiza picha hizi mashine itaanza kukosea. Alama zetu zitaporomoka."

"Ziporomoke."

"Unajua tumetoka mbali kufikia pale?"

"Najua. Mimi ndiye niliyekufikisha." Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nakuchagulia rahisi."

Daktari akamaliza ubishi. Kuanzia siku ile picha isiyosomeka haikwenda Jalala tena. Ilikuwa jibu lenyewe, na mwenye jicho hilo hakuondoka kliniki kabla daktari hajamtazama. Na mashine ikaanza kufundishwa upya, kwa picha za ukungu ambazo chanzo chake kinajulikana. Hizo walikuwa nazo chache. Walihitaji watu ambao daktari alishawachunguza, anajua ndani mna nini.

Siku ya kaka kurudi kuangaliwa jicho la kulia, alitoka kwa daktari na kunyoosha hadi chumba cha mwisho wa korido. Aligonga mlango uliokuwa wazi. Kipimo cha utepe kilikuwa shingoni.

"Nasikia mnatafuta macho mabovu," alisema. "Mimi ninalo moja, halina kazi."

"Kaka, si lazima."

"Daktari amenieleza. Piga."

Alikaa, akaweka kidevu bila kuambiwa. Jicho la kulia likapigwa kwanza. Mwanga ulimchoma, akasonya kidogo, na likaanza kuchuruzika machozi, akaliziba kwa kiganja na kuacha la kushoto wazi. Dada akasogeza kamera. Akafungua kinywa kusema neno lake la kila siku, akakifunga. Akashika pumzi, akabonyeza. Mwanga mweupe ukajaa chumba kizima, ukutani, juu ya mkono wa pili wa kaka uliotulia gotini, juu ya uso wake wote. Jicho lilikaa wazi. Kope haikutikisika.

Kaka aliendelea kungoja, amenyooka, kidevu mahali pake.

"Umeshapiga?" aliuliza.

"Nimeshapiga, kaka."

"Aa." Kiganja kilikuwa bado kimeziba jicho la kulia, lile zima, kwa hiyo alikuwa gizani kabisa, na sauti ilipomtoka ilikuwa ya chini kuliko ya kwanza. "Imetoka?"

Kwenye kioo lilikuwa duara la kijivu tangu ukingo huu hadi ule, hakuna mshipa hata mmoja unaoonekana. Akafuta jina la kaka yake, akaweka namba, akaihifadhi jinsi ilivyo.

"Imetoka, kaka," alisema, na akamshika mkono.